Uzoefu wangu na AutoCAD: amri za kizamani zilizolala ndani

Kuna siku nilibonyeza Ctrl+O kufungua mchoro kwenye AutoCAD, programu ya kuchorea michoro ya kiufundi kama ya majengo, na lile dirisha la kuchagua faili halikutokea. Chini kabisa, kwenye mstari wa amri, programu ikanitaka niandike jina la faili kwa mkono, pamoja na folda zake zote. Nikafunga programu, nikaiwasha upya. Hali ile ile. Nikazima kompyuta yenyewe. Wapi! Nilikuwa nimeshaanza kutafuta faili za kusakinishia upya.

Kumbe mchawi ni mimi. Asubuhi ile niliendesha kiprogramu nilichokiandika mwenyewe kwa AutoLISP, lugha ya programu iliyomo ndani ya AutoCAD, cha kubadilisha michoro mingi kwa mkupuo. Mstari wake wa kwanza uliweka FILEDIA, swichi ya madirisha ya kuchagua faili, iwe 0 ili madirisha yasinikatize, na wa mwisho ulipaswa kuirudisha 1. Katikati nilichoka kungoja nikabonyeza Esc, mstari wa mwisho haukufikiwa. Dawa yake ilikuwa kuandika FILEDIA, kisha 1, basi. Na hata bila hivyo, pale ilipoulizwa jina la faili ningeandika alama ya ~ peke yake na dirisha lingefunguka. Hili nimelijua nikiwa tayari najiita fundi, kwa hiyo nalisema kwa sauti ya chini.

AutoCAD ilitoka Desemba 1982, na wenye nayo hawana tabia ya kufagia stoo. Tangu siku ile nimekuwa mpekuzi wa hiyo stoo. Mengine humo ni ya kuchekesha tu. MSLIDE bado inapiga picha ya skrini na kuihifadhi kama slaidi, VSLIDE inaionyesha, na kwa faili ya skripti, yaani orodha ya amri zinazojiendesha zenyewe, unaweza kuzipanga zipite moja baada ya nyingine. Muda wa kusubiri kati ya slaidi unawekwa kwa DELAY, na mwisho wake ni milisekunde 32767, yaani sekunde 32 na ushee. Aliyewahi kuandika programu anaitambua namba hiyo mara moja: ndiyo kubwa kuliko zote kwa namba kamili ya biti 16 inayobeba chanya na hasi. TABLET nayo ipo, ikisubiri ubao wa kunakilia michoro ya karatasi ambao mimi sijawahi hata kuugusa.

Zinazonikera ni zile zinazosafiri ndani ya mchoro. Nilipokea faili ambayo maandishi yake yote yalikuwa vijisanduku vitupu: majina ya vyumba, maelezo, kichwa cha mchoro, vyote visanduku. Nikalaumu fonti. Nikatafuta fonti nusu siku nzima. Kilichokuwa kimewashwa ni QTEXT, amri ya enzi ambazo kuchora herufi kwenye skrini kulikuwa kazi nzito kwa mashine, kwa hiyo mtu alificha maandishi ili mchoro ujichore haraka. Niliizima, nikaandika REGEN ili mchoro ujichore upya, maneno yakarudi yote. Leo kompyuta yangu haihitaji huruma ya aina hiyo, lakini swichi bado ipo na inahifadhiwa pamoja na mchoro.

ELEVATION, inayoweka kimo cha vitu unavyochora, ni mbaya zaidi kwa sababu haionekani. Ukitazama mchoro kutoka juu kila kitu kiko sawa, ila kila unachochora bila kunasa kitu kilichopo kinakaa kwenye kimo alichokiacha mtu mwingine. Nilipima umbali kati ya pembe mbili kwa DIST, ikanipa 5000. Kipimo kilichoandikwa palepale kilisema 4000. Nilirudia mara tatu kabla ya kusoma majibu ya DIST hadi mwisho: tofauti ya Z, yaani ya kimo, 3000. Pembetatu ya 3, 4, 5 ya darasani, imekaa kwenye mpango wa sakafu. Ndugu yake THICKNESS hufanya mstari wa kawaida uwe na kimo kama ukuta, nawe hujui mpaka uugeuze mchoro na kuutazama kwa ubavu.

Kwa hiyo naipa nyota nne. Sitaki wavitupe vitu hivi, maana michoro ya zamani inafunguka hadi leo kwa sababu hiyo hiyo ya kutotupa. Malalamiko yangu ni kwamba vimekaa kimya mno. Na wakiamua kubadilisha, wanaweza kukuchanganya pia: TRACE ya zamani ilichora mistari minene iliyojazwa rangi, ila tangu toleo la 2022 jina hilo ni la kuandika masahihisho juu ya mchoro bila kuugusa. Maelekezo ya zamani yenye neno hilo yatakupeleka kusiko.

Siku hizi tatizo likitokea nafungua kwanza mchoro mwingine. Likinifuata, liko kwenye kompyuta. Likibaki kule, liko ndani ya faili. Na mchoro wowote unaotoka kwa mtu mwingine, kabla sijachora hata mstari mmoja, naandika ELEVATION, THICKNESS na QTEXTMODE (swichi ya ile QTEXT), nahakikisha zote tatu ni 0. FILEDIA wala siihangaikii. Hiyo ikivurugika hujitangaza yenyewe.