Programu nyepesi ya kurekebisha picha kwenye Linux: tazama kwanza inavyohifadhi

Malalamiko ninayoletewa kuhusu programu za picha za Linux, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta, yanafanana mno, na kwa hivyo nimeona niyajibu kwa pamoja. Mwenye duka la kanga Mchangani, Unguja, anapiga picha doti mpya kwa simu, anaihamishia kwenye laptopu ya mtumba yenye memori ya GB 4, anakata pembeni, anaongeza mwanga na kuhifadhi. Kesho yake anaifungua faili ile ile kupunguza ukubwa, anahifadhi. Keshokutwa anainyoosha kidogo, anahifadhi tena. Wiki haijesha, jina la kanga lililoandikwa kwa wekundu juu ya weupe limezungukwa na vidoa vya ukungu, kingo za herufi zimefifia, na mteja aliyeko Wete, Pemba, anauliza kama kanga yenyewe imechuja.

Miongozo mingi hulinganisha kasi ya kufunguka, uzuri wa vitufe na wingi wa vichujio. Sitakaa huko, kwa sababu programu zote ninazozitaja hapa hufunguka kwenye mashine ya aina hiyo, isipokuwa moja inayochelewa, na zote hukata, hunyoosha na kuongeza mwanga. Ninachokiuliza mimi kabla ya yote ni hiki: ukibonyeza Ctrl+S kuhifadhi, picha ya asili inasalimika au inaandikwa juu yake?

Swali hili lina uzito kwa sababu ya JPEG yenyewe, muundo wa faili za picha uliopitishwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 1992 na ambao simu nyingi bado zinautumia. JPEG hupunguza uzito wa faili kwa kuigawa picha katika miraba midogo ya pikseli (nukta za picha) 8 kwa 8, kisha kutupa ndani ya kila mraba yale maelezo madogo ambayo jicho haliyatambui kwa urahisi. Kilichotupwa hakirudi. Kila unapoihariri picha na kuihifadhi tena, programu hutupa upya kutoka kwenye kile kilichobaki, na hasara huwa kubwa zaidi ukikata pembeni, kwa kuwa mipaka ya miraba mara nyingi husogea na hesabu yote kuanza mwanzo. Uso wa mtu au anga la Forodhani jioni huvumilia. Maandishi hayavumilii, kwa sababu kingo kali kati ya rangi mbili ndiyo sehemu ambayo JPEG huiharibu mwanzo, na wekundu huumia kuliko nyeusi: katika mpangilio unaotumika sana, mwangaza huhifadhiwa kwa kila pikseli, lakini rangi hupewa thamani moja tu kwa kila pikseli 4. Kwa hivyo anayeuza kanga, na mwalimu wa skuli anayepiga picha matangazo na vyeti, wana haja kubwa zaidi na jambo hili kuliko mpiga picha wa harusi.

Kwa kipimo hicho, chaguo langu la kwanza ni Shotwell, na naipendelea waziwazi. Programu hii iliingizwa ndani ya Ubuntu, mojawapo ya aina za Linux, kuanzia toleo la 10.10 la mwaka 2010, na wengi waliitumia miaka kadhaa bila kujua thamani yake. Ukiingiza picha kwenye maktaba yake kisha ukakata, ukanyoosha au ukarekebisha rangi, Shotwell haiigusi faili ya asili hata kidogo. Huandika maagizo yako kwenye hifadhidata na kukuonesha matokeo. Ukitaka nakala ya kumtumia mteja, unabonyeza Ctrl+Shift+E, unachagua kiwango cha ubora na upana wa pikseli unaoutaka, na nakala hiyo inatengenezwa kutoka kwenye picha ya asili. Ibadilishe mara nyingi upendavyo, JPEG inabanwa mara moja tu kila unapotoa nakala. Unaweza pia kuchagua picha za doti zote za mzigo mpya na kuzitoa kwa pamoja kwa upana mmoja, jambo linalomwokolea mwenye duka kazi ya asubuhi nzima.

Shotwell ina mitego miwili. Wa kwanza ni kwamba ukiibofya picha kutoka kwenye folda badala ya kuifungua ndani ya maktaba, inafunguka kwenye dirisha linalofanana sana na lile la kawaida, lakini pale Ctrl+S huandika juu ya faili yako. Naamini baadhi ya wanaoilaumu Shotwell walinaswa hapa. Ingiza picha kwenye maktaba kwanza, na ukiulizwa, chagua kuzinakili, usichague kuziacha kwenye flashi au kadi ya simu. Mtego wa pili ni kwamba marekebisho yako yamo ndani ya hifadhidata, katika folda iliyofichwa ya .local/share/shotwell. Fundi akifuta diski na kukurejeshea folda ya picha peke yake, picha za asili utazipata lakini kazi yako yote itakuwa imepotea. Bonyeza Ctrl+H kwenye kidirisha cha mafaili ili folda hiyo ionekane, na uinakili pamoja na picha.

Ya pili ni gThumb, na ndugu yake Pix iliyotokana nayo, ambayo watumiaji wengi wa Linux Mint, aina nyengine ya Linux, tayari wanayo. Ni nyepesi, ina zana nyingi kuliko Shotwell, hubadilisha ukubwa wa picha nyingi kwa mkupuo, na huizungusha picha ya JPEG iliyolala ubavu bila kuibana upya. Hata hivyo inahifadhi juu ya faili ya asili. Anayeitumia ajizoeshe kuhifadhi kwa jina jipya tangu mwanzo, na aingie kwenye mipangilio yake kupandisha kiwango cha ubora wa JPEG.

GIMP naiweka ya tatu, kwa uzito wake tu. Hiyo ndiyo inayochelewa kufunguka. Katika kuhifadhi ni ya kuaminika: Ctrl+S hutunza kazi katika muundo wake wa XCF usiopoteza kitu, na JPEG hutolewa kwa Ctrl+Shift+E, ambapo kuna kipimo cha ubora na mahali pa kuiambia ihifadhi rangi ya kila pikseli badala ya thamani moja kwa kila pikseli 4. Kwa jina la kanga, chaguo hilo la mwisho linaonekana kwa macho. Anayetaka kuandika bei juu ya picha atahitaji GIMP au Pinta, kwani Shotwell haina zana ya maandishi. Pinta ni rahisi kujifunza, lakini mara nyingi hupatikana kwa Flatpak au Snap, njia mbili za kuweka programu inayokuja na vitu vyake yenyewe, na nitaeleza hapa chini kwa nini hilo linaniudhi.

KolourPaint inatosha kwa kuchora mshale juu ya picha. ImageMagick hutumika hasa kwa amri za kuandika, na amri yake ya mogrify huandika juu ya faili za asili bila kuuliza, asiyeizoea asiiguse.

Zote hizi ni za bure, na ndiyo maana nachukizwa na baadhi ya wauzaji wa laptopu mjini. Dada mmoja alitozwa shilingi 15,000 kuwekewa GIMP, programu ambayo angeipata kwa amri moja ya sudo apt install gimp, apt ikiwa ni zana ya Ubuntu na Mint ya kuwekea programu. Mwengine aliambiwa Linux haiwezi picha, ikafutwa, akawekewa Photoshop ya wizi iliyokuja na virusi. Fundi ana haki ya kulipwa kwa muda wake, na mimi nalipa. Lakini amwambie mteja kwamba analipia kazi, asimuuzie kitu ambacho waliokitengeneza wamekitoa kwa watu wote.

Wapo pia wanaopakua kila kitu kwa Flatpak kwa kutumia bando la mteja. Flatpak ya kwanza kwenye mashine huja na msingi wake wa mamia ya MB, ilhali programu ile ile kwa apt huwa ndogo sana, kwa kuwa hutumia vilivyomo tayari. Kwa bando la siku linaloisha usiku wa manane, tofauti hiyo ni pesa. Ukimpelekea fundi mashine, mwambie aanze na apt, na abaki nawe hadi umeingiza picha moja, umeikata, umetoa nakala, kisha umeifungua ile ya asili na kuikuta nzima.