Kliniki ya pamoja ya moyo na uzazi: uzoefu wangu, mi niliyezaliwa na tatizo la moyo

Naandika hii kwa dada yeyote aliyefanyiwa opereshen ya moyo utotoni na sasa anatamani mtoto, maana mi nilitafuta mtu wa kuniambia haya nikakosa. Nilizaliwa na Tetralojia ya Fallot, yaani tundu kati ya vyumba vya chini vya moyo, njia ya damu kwenda mapafuni imebana na mengine mawili juu yake, nikarekebishwa nikiwa mdogo, nimekua nimesoma nafanya kazi, ila valvu ya mapafu, yaani kimlango cha damu inayotoka kwenye moyo kwenda mapafuni, inavuja kama ilivyo kwa wengi wetu tuliorekebishwa.

Huduma yenyewe ni ile kliniki ambayo daktari wa moyo na daktari wa uzazi wanakuona pamoja, chumba kimoja, mafaili mezani, na daktari wa usingizi anaingia mimba ikikua. Kabla ya hapo kuna daktari sehemu nyingine aliniambia "wewe usizae" na hata eko, ile picha ya moyo ya ultrasound, hakunipima, nililia sana siku ile.

Nilienda KABLA ya kubeba mimba na kwangu thamani yote ya kliniki hii iko hapo. Nilipimwa eko, umeme wa moyo, MRI, alafu nikakimbizwa kwenye mashine waone moyo unahimili vipi, na kila kipimo walinieleza kwanini, kwamba ukiwa mjamzito damu inaongezeka karibu nusu ya uliyonayo na moyo unasukuma zaidi kwa asilimia 30 hadi 50, mzigo unafika juu kabisa kwenye wiki ya 28 hadi 32 hivi, kwahiyo kujisikia mzima leo umekaa kwenye kiti haitoshi, wanataka kujua moyo una akiba kiasi gani. Wana makundi ya hatari ya WHO kuanzia 1 hadi 4, mi nikawa la 2. Kundi la 4 ndo wanashauri usibebe kabisa, mfano mwenye presha kubwa ya mishipa ya mapafu, na hilo wanalisema wazi bila kuzunguka lakini wanakaa na wewe mpaka uelewe, hawakufukuzi.

Dawa nazo wanazipitia moja moja. Enalapril na wenzake, zile dawa za presha na moyo, hazifai ukiwa mjamzito, na warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa wenye valvu za chuma inaweza kumdhuru mtoto hasa wiki za mwanzo, ila jamani USIACHE MWENYEWE, valvu ya chuma bila dawa hiyo inaziba na unaweza kufa, waache wao wapange unabadilishaje na lini.

Nilichokuwa naogopa kuliko vyote ni mtoto kurithi. Waliniambia kwa watu wote ni kama mtoto 1 kati ya 100 anazaliwa na tatizo la moyo, kwa mama kama mimi ni kama 3 hadi 5, ila ukiwa na upungufu kwenye kromosomu ya 22, yaani kipande cha vinasaba kimekosekana, inakuwa nusu kwa nusu, ndo maana walinipima damu, na sikuwa nao. Alafu kuna eko ya moyo wa mtoto akiwa tumboni, wiki ya 18 hadi 22, siku hiyo nilishika mkono wa mume wangu mpaka ukauma.

Kujifungua sasa! Kila mtu nyumbani alishaamua ni kisu, kumbe kwa wengi wetu njia ya kawaida ndo salama zaidi, ganzi ya mgongoni mapema ili moyo usikimbie na maumivu, unalala ubavu, husukumi muda mrefu wanakuvuta mtoto kwa kifaa. Mpango wote ulikuwa umeandikwa, nakala ninayo kwenye pochi muda wote, mkunga wa zamu alisoma akaendelea bila kuniuliza historia nzima katikati ya uchungu, na kwa hilo nawashukuru mpaka leo.

Nyota moja naipunguza kwa huduma ya baada ya kutoka wodini. Wodini walinichunga vizuri, maana mtoto akitoka damu nyingi inarudi kwenye mzunguko na siku 3 za mwanzo ni za hatari, lakini moyo unaweza kuelemewa hata wiki kadhaa baadae na miadi niliitafuta mwenyewe kwa simu. Hivyo usitoke bila tarehe mkononi, na ukiona unashindwa kulala chali kwa kukosa pumzi, moyo kwenda mbio au kuzimia rudi usiku huohuo, usiambiwe ni uchovu wa kunyonyesha. Ulizia na uzazi wa mpango kabla hujaruhusiwa, vidonge vyenye estrojeni havifai kwa wenye hatari ya damu kuganda, mi niliwekewa kijiti, na wa pili tutamzungumzia wakishaamua kuhusu hii valvu.