Programu za kuchorea bloku za kwilti: uanze na ipi, ipi isubiri

Kabla hujalipia programu yoyote ya kuchorea bloku za kwilti, yaani miraba ya vipande vya kitambaa inayoungwa kuwa blanketi la viraka, ifanyie jaribio la dakika tano. Chora pembetatu mraba ambayo pande zake mbili fupi zina inchi 4 kila mmoja. Ondoa mstari wa nje, uache rangi ya ndani tu. Iongezee robo inchi ya mshono kuizunguka yote, kisha usome upana ambao programu inakuonyesha. Ikisema inchi 4.854, pembe zimebaki kali na kiolezo, yaani umbo la kufuatisha unapokata kitambaa, ni sahihi. Ikisema 4.5, programu imeziviringa pembe.

Hiyo 0.854 ndiyo ile inchi 7/8 ambayo washonaji huongeza kwenye mraba kabla ya kuukata mshazari upate pembetatu mbili. Wao huipandisha kidogo ili isomeke kwenye rula. Ncha kali ndiyo inayokuonyesha mahali pa kuanzia unapolaza kipande juu ya kingine. Ikishaviringwa unabaki kukisia, kipande kinateleza milimita mbili, na ncha ya nyota inamezwa na mshono. Ndiyo maana tunazipanga programu hizi kwa uaminifu wa vipimo kwanza. Wingi wa brashi na athari za kupendezesha haumsaidii anayekata kitambaa.

1. Inkscape

Ni ya bure na inafanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux. Hata ingekuwa ya kuuzwa tungeiweka hapa hapa, kwa ajili ya nakala zake zilizofungwa. Ukichora bloku moja, ukaikusanya kuwa kundi na kubonyeza Alt+D, unapata nakala inayomfuata mama yake: ukisogeza ncha moja kwenye mama, bloku zote 30 za kwilti zinabadilika papo hapo. Dirisha lake la kupanga nakala kwa safu lina aina 17 za ulinganifu, kwa hiyo unaona baada ya sekunde chache bloku ileile ikizungushwa nyuzi 90 kila hatua au ikigeuzwa kama kwenye kioo. Huo ni wakati mzuri kuliko yote katika kubuni, pale vipande vya bloku jirani vinapokutana na kuzaa umbo la pili ambalo hukulichora.

Nakala hizi zina mtego mmoja: nakala haikubali rangi yake mpaka umwondolee mama rangi kabisa, kwa kile kitufe chenye alama ya kuuliza kwenye dirisha la rangi. Wengi hudhani programu imeharibika.

Iandae hivi kabla ya kuchora chochote:

- Bonyeza Shift+Ctrl+D, weka kipimo kiwe inchi, kisha ongeza gridi ya nusu inchi. Bloku ya inchi 12 yenye safu nne itakaa juu yake bila shida, kila chumba inchi 3.
- Bonyeza Shift+Ctrl+P, nenda sehemu ya zana, uchague vipimo vya umbo lenyewe badala ya vipimo vya kinachoonekana. Usipofanya hivyo, mraba wa milimita 100 wenye mstari wa milimita 1 utasomeka 101, na kosa hilo utalipeleka hadi kwenye mkasi.
- Washa unasaji, yaani ncha kujishika zenyewe zinapokaribiana, kwa alama ya %. Vipande viwili vinavyoonekana vimegusana bila kunaswa huwa na mwanya wa nywele ambao hutauona mpaka ukuze mara ishirini.

Kwa nafasi ya mshono, usitumie amri ya haraka ya kupanua umbo, maana inakwenda kwa hatua zilizowekwa kwenye mapendeleo. Tumia athari ya njia iitwayo Offset, uandike 0.25 kwa inchi na uchague pembe kali. Faida yake ni kwamba kipimo kinabaki hai, na kesho ukitaka milimita 6 unabadilisha namba tu. Gridi yake ya mshazari inafaa sana kwa bloku za pembe sita na za almasi za nyuzi 60.

Udhaifu wake upo: faili yenye mamia ya nakala huanza kusota kwenye kompyuta yenye kumbukumbu ndogo. Tengeneza kwilti nzima kwenye faili tofauti na ile ya violezo.

2. Affinity

Canva iliinunua Serif, kampuni iliyoitengeneza, mwaka 2024, na toleo jipya linapatikana bure ukiwa na akaunti ya Canva. Ni nyepesi mkononi kuliko Inkscape na haisoti upesi. Alama zake (Symbols) zinafanya kazi ileile ya nakala zilizofungwa, na zana ya Contour inaongeza nafasi ya mshono ikiwa hai, mradi uchague pembe kali. Haina toleo la Linux. Kama Inkscape inakuchosha kwa madirisha yake mengi, anza na hii. Hutapoteza lolote la maana.

3. EQ8

Hii ilitengenezwa mahususi kwa kwilti na hulipiwa mara moja. Tumeiweka katikati kwa sababu inafanya jambo ambalo programu ya vekta ya kawaida, ya kuchora maumbo kwa mistari na vipimo kama hizo mbili za juu, haifanyi: inakadiria kitambaa cha kila rangi, inatoa orodha ya vipimo vya kukata, na inachapa violezo vikiwa na nafasi ya mshono. Anayeshona kwilti kubwa tatu au nne kwa mwaka ataona thamani yake upesi. Anayebuni maumbo yasiyo ya kawaida, yenye mikunjo mingi, atajikuta akirudi kwenye vekta.

4. CorelDRAW

Ina zana nzuri ya kuongeza mzingo na mistari ya vipimo inayojiandika namba yenyewe. Itumie kama tayari unayo kwa ajili ya mashine ya kukatia au kazi za mabango. Kwa kwilti peke yake, ni gharama isiyo ya lazima.

5. Adobe Illustrator

Uwezo wake haubishaniwi, hasa kubadilisha rangi za kwilti nzima kwa mara moja. Lakini hulipiwa kwa usajili, na mshonaji anahitaji kufungua violezo vyake hata miaka mitano baadaye. Ukiitumia, hifadhi pia nakala ya SVG au PDF. Amri yake ya Offset Path ina kikomo cha pembe kilichowekwa 4, maana yake ncha yoyote nyembamba chini ya nyuzi 29 hivi inakatwa butu. Almasi ya nyuzi 45 inapita salama. Miiba mirefu ya bloku za jua haipiti mpaka upandishe kikomo hadi 10 au zaidi.

Kalamu na kibao cha kuchorea usinunue kwa kazi hii. Kipanya chenye gurudumu na namba za kibodi vinatosha, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi ni kuandika vipimo.

Ukubwa wa bloku na uchapishaji

Chagua ukubwa unaogawanyika. Bloku ya safu tano kwa inchi 12 inakupa vyumba vya 2.4, namba isiyopo kwenye rula. Ifanye ya inchi 10 au 15. Ya safu saba ifanye 14. Kumbuka bloku ya inchi 12 iliyomalizika hukatwa 12½, na haiingii kwenye karatasi ya A4, ambayo urefu wake ni milimita 297, wakati inchi 12 ni 304.8. Igawe kwenye mistari ya mishono.

Kwa ushonaji wa juu ya karatasi, ambapo kitambaa hushonwa kwenye karatasi yenye mchoro, geuza mchoro kama kwenye kioo kabla ya kuchapa, kwa sababu kitambaa kinakaa upande wa pili wa mistari. Bloku yenye ulinganifu itakusamehe, yenye herufi au ndege haitakusamehe. Kwa mikunjo, weka alama katikati ya mkunjo na kwenye robo zake pande zote mbili, la sivyo vipande vitavutana bila kukutana.

Kila ukurasa uwe na mistari miwili ya inchi 4 ya kupima kwa rula baada ya kuchapa, mmoja wa kulala na mmoja wa kusimama. Chapa kutoka PDF kwa asilimia 100 na uzime chaguo la kuenea kwenye ukurasa. Kwa asilimia 97 mstari wa inchi 4 unapungua takriban inchi 1/8, na mraba mdogo wa inchi 1 usingekuonyesha hilo kwa rula ya kawaida.

Faili ikihama programu, pima upya. SVG ya Illustrator huhesabu alama 72 kwa inchi, Inkscape huhesabu 96, kwa hiyo mchoro unafunguka ukiwa asilimia 75. Ukuze kwa 133.33. Faili za Inkscape za kabla ya toleo 0.92 zilihesabu 90. Zikifunguka bila kurekebishwa, bloku ya inchi 12 inakuwa 11.25, zikuze kwa asilimia 106.67.