Walipima dirisha, bomba hawakuliona: yaliyonikuta na mapazia ya sebuleni

Nimejiambia siku kadhaa niachane nayo, nimeshindwa. Kila nikikaa sebuleni macho yanakwenda kwenye lile dirisha na hasira zinanipanda upya.

Kabla ya sikukuu nilikwenda duka moja la mapazia Kariakoo. Nia ilikuwa ninunue kitambaa nikashone mwenyewe, cherehani ninayo. Wakaniambia wana kijana wa kuja kupima nyumbani, na fundi wao atashona. Siku zilikuwa zimebana, nikakubali. Kijana akaja, akapanda kochi langu na viatu vyake, akavuta futikamba kwenye fremu ya aluminiamu ukingo hadi ukingo, akaandika kwenye simu, akaondoka. Hata dakika tano hazikufika.

Dirisha lina upana wa sentimita 150. Bomba la kutundikia pazia lina 200, maana lazima lizidi dirisha huku na huku ili pazia ukilifungua lisizibe kioo. Tena limefungwa sentimita 15 juu ya fremu. Lilikuwa pale pale juu ya kichwa chake! Jamani, pazia linaning'inia kwenye bomba, si kwenye kioo. Unapima bomba, unazidisha mara mbili, ndipo unapata marinda. Yeye kazidisha 150. Nikaletewa mita 3 za kitambaa kwa bomba la mita 2, na urefu kauanzia kwenye fremu. Nilipotundika, chini pakabaki wazi sentimita zile zile 15, waya wa televisheni wote unaonekana. Nikiyafunga, marinda yananyooka, unabaki unaangalia shuka lililoanikwa.

Kukosea kupo, hilo ningelimeza. Kilichoniuma ni jibu. Niliyarudisha dukani, na yule kijana hakuinua hata uso kwenye simu: "Mama, sisi tunapima dirisha. Bomba ni lako." Nikauliza basi vipande vilivyokatwa viko wapi, maana jora lina sentimita 280 za kwenda juu, na pazia langu limekula 235 pamoja na pindo. "Vipande ni vya fundi." Vya fundi vipi, na kitambaa nimenunua mimi kwa mita? Nilipaza sauti, nakiri, mpaka wateja wakageuka.

Ndipo fundi mwenyewe, mtu mzima, akanyanyuka kwenye cherehani yake kule nyuma. Akaniletea mfuko, vipande vyangu vimo, vimekunjwa kwa mpangilio. Akasema taratibu, "Dada, fumua pindo. Niliacha 15, urefu wako utaupata humo."

Na kweli. Nilifumua usiku huohuo kwa wembe, uzi mmoja mmoja, kwa jinsi mshono ulivyoshika. Nimebakiza pindo la sentimita 2 na pazia sasa linakaribia sakafu. Vile vipande nimeviunganisha nikapata pelmeti, kile kipande kifupi cha kupamba juu ya pazia, nikaishonea njia ya kupitishia bomba la mbele, kwa kuwa langu ni la njia mbili. Imependeza kuliko nilivyotegemea. Upana ndio umenishinda: niliongeza mita 1, ikatoka jora jingine. Mchana huoni kitu. Usiku taa ikiwaka, kuna ukanda mmoja uliopauka, na mimi nikishauona siwezi kuuacha.

Nilikusudia kuandika kwamba msikanyage pale. Ila nikisema kitambaa ni kibaya nitakuwa nadanganya: kizito, nimekifua, hakikurudi wala kuchuja. Na mkono wa yule mzee nauheshimu. Kwa hiyo nendeni, ni duka zuri. Hapana. Nikikumbuka zile alama za viatu kwenye kochi, na lile "bomba ni lako", siwezi kumwambia mtu duka ni zuri.

Chumbani kuna madirisha mawili bado. Kitambaa nitanunua palepale na nitaomba ashone yule mzee. Vipimo nitakwenda navyo kwenye karatasi, nimepima mwenyewe kutoka kwenye bomba, na yule kijana hakanyagi kwangu.