Shakli ndefu kwenye Hilux: nimezifunga, nimezipeleka Menengai

Hamjambo watu wangu, karibuni. Leo niko hapa Nakuru, upande wa Kiamunyi, na hii nyuma yangu ni ile ile Hilux mnayoijua: katikati ya wiki inabeba viazi kutoka Mau Narok, Jumapili inanitia matatani. Tangu mwaka uanze mnaniuliza swali moja: shakli ndefu za nyuma, yaani vile vyuma vinavyounganisha ncha ya nyuma ya springi na chesi (fremu ya gari), zinasaidia kweli ama ni pesa ya bure? Basi nimenunua, nimefunga, nimepanda nazo mawe ya Menengai, ule mlima wa volkano hapa Nakuru.

Kabla sijazionyesha, tuelewane shida iko wapi. Ukivuka mtaro kwa mshazari, tairi moja la nyuma linasukumwa juu na mwenzake anatakiwa ashuke afuate ardhi. Asiposhuka ananing'inia hewani, na kama difu yako (ile gia inayogawa nguvu kwa tairi mbili) haina loki ya kuzilazimisha zizunguke pamoja, huyo wa hewani anazunguka kama feni huku gari limesimama pale pale. Sasa tazama springi ya nyuma, ule mrundo wa vyuma bapa vilivyopinda kama upinde. Ikibanwa inanyooka, inakuwa ndefu. Ikiachiwa inajikunja, inakuwa fupi. Jicho la mbele, yaani tundu la ncha yake ya mbele, limefungwa kwa pini, haliendi popote. Kwa hiyo kurefuka na kufupika kote kunatafuta nafasi huku nyuma, kwenye shakli. Ndiyo maana watu wanazirefusha.

Hizi hapa. Ni nzito, chuma chake kinene kuliko zile za kiwandani, na zimezidi kwa inchi 2. Pini zina tundu la kupigia grisi, jambo ambalo nimelipenda sana. Nimelipa shilingi 14,500 kwa jozi. Rangi imeanza kuchubuka baada ya kuosha gari mara mbili, lakini rangi haibebi viazi, tuendelee. Muuzaji aliniambia gari litapanda inchi 2. Halipandi hivyo! Shakli inashika ncha moja tu ya springi, kwa hiyo katikati, palipo ekseli (mhimili unaobeba tairi za nyuma), unapata kama nusu yake, inchi 1.

Niliyafunga haya madude Jumamosi. Nikapandisha tairi moja la nyuma kwenye ngazi ya kupakulia mizigo, nikapima mahali ambapo tairi la pili linaanza kuachana na ardhi. Nilikuwa nimepima hivyo hivyo kabla ya kufunga. Tofauti? Sentimita 1. Nikapima tena nikidhani tepu inanichezea. Sentimita 1.

Nikampelekea fundi mmoja mzee, jua kali, ambaye springi amezifunga tangu mimi niko shule ya msingi. Akalala chini ya gari na tochi, akacheka. "Kijana, unataka mtu apige miayo na umemfunga mdomo."

Mdomo wenyewe ni shoki, ile bomba inayotuliza mrukoruko wa springi. Alinionyesha hivi: weka chesi juu ya stendi imara, jeki chini ya ekseli, fungua bolti ya chini ya shoki, halafu shusha jeki polepole. Ekseli yangu ilishuka zaidi, pale pale! Maana yake shoki ndiyo ilikuwa kamba iliyoishikilia, na shakli ingerefushwa hata mita nzima isingebadilisha kitu. Ukijaribu nyumbani, mtu mmoja akae anaangalia paipu ya breki na nyaya za ABS (mfumo unaozuia tairi zisijifunge ukipiga breki), maana zikishanyooka, zinazofuata kukatika ni hizo.

Pili, vile vibano vinavyokumbatia vyuma vya springi. Vyangu vilikuwa vimekaza mpaka vyuma vyote vimekuwa kama ubao mmoja, na katikati kutu imefanya kazi ya gundi. Tukaifungua springi yote. Brashi ya waya, grainda kidogo kwenye ncha kali za kila chuma zisichimbe kile cha juu, vipande vya plastiki ngumu kwenye ncha ili viteleze, na vibano vipya vilivyolegea kiasi. Kazi ya siku nzima, chai mbili na mandazi. Usimwage oili chafu katikati ya vyuma kama wengine wanavyokushauri. Vumbi letu hili la volkano likishaingia humo, umejitengenezea msasa.

Fundi alitaka pia tutoe kile chuma kinene cha chini. Nikakataa. Nina magunia ya kubeba, na springi ikipunguzwa sana ekseli huikunja springi kama herufi S ukikanyaga mafuta kwenye mwinuko, gari linaanza kurukaruka.

Baada ya shoki ndefu na usafi huo, kipimo kile kile kimeongezeka sentimita 9. Pale Menengai penye mawe meusi, ambapo kila mara nilikuwa nabaki na tairi moja angani, nimepita nikiongea na simu. Haya, sikuongea na simu, msiniige.

Bushi, yaani zile pete laini zinazokaa kati ya pini na tundu lake, zilizokuja na shakli hizi ni za plastiki ngumu, na zilianza kulia kabla hata sijatoka mjini. Nimerudisha za raba, zinajipinda vizuri zaidi. Bolti zake zikaze mara ya mwisho gari likiwa limesimama kwa uzito wake chini, la sivyo raba inakaa imesokotwa siku zote na itakufa mapema.

Kwa hiyo, ununue? Wale wa Rhino Charge, mashindano ya magari ya porini hapa Kenya, wanaopewa saa 10 kufikia vituo 13 na mshindi ni aliyekwenda umbali mfupi zaidi, wana sababu ya kupita juu ya kila jiwe. Wewe wa shamba, anza na vibano na shoki. Shakli zije mwisho, na inchi 2 zinatosha.

Na kama Hilux yako ni ya zamani, inama uangalie ile vali ya breki yenye fimbo iliyoshikana na ekseli. Inapima mzigo kwa kuangalia chesi imekaa juu kiasi gani. Ukiinua gari inadhani huna kitu nyuma, inapunguza breki za nyuma. Yangu niliigundua nikishuka na magunia 12. Irekebishe kabla hujapakia.