Nimejitengenezea rodi yangu ya kwanza ya kuvulia, haya ndo niliyokutana nayo kwenye ringi, blanki na gundi

Mi navua kwa rodi kwenye miamba ya upande wa Kimbiji, huko Kigamboni, na samaki ninayemtafuta hasa ni kolekole. Huyu ukitaka kumpata lazima urushe mbali, na akishakula umzuie hapo hapo maana anakimbilia mawe. Rodi za dukani zimenivunjikia mbili, ya tatu ilikuwa fupi hairushi, ndo nikaamua ninunue vipande niunge mwenyewe.

Kitu kilichonila akili ni blanki, yaani ule mti mtupu wa rodi kabla haujafungwa kitu. Miezi miwili nasoma tu. Grafaiti ni nyepesi na inarusha mbali ila ukiigonga kwenye jiwe inaweza kupata ufa usiouona, siku umeshika samaki ndo inapasuka, faibaglasi nzito lakini inavumilia vishindo. Nikachukua grafaiti ya futi 9, imeandikwa kurusha uzito wa gramu 30 mpaka 80, inayoungwa vipande viwili, na hapo kwenye vipande viwili usidharau kwa sababu boksi refu wasafirishaji wanakuchaji kwa nafasi linayokula sio uzito tu, alafu bodaboda na rodi nzima ya futi 9 mnaendaje. Blanki ni safi, mpaka leo sina neno nayo.

Shida ni kwamba hela yote iliishia huko. Zilipofika ringi, zile za kupitishia uzi, nikanunua seti ya bei ya chini kutoka kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni, seti nzima kwa hela ambayo haifiki hata ringi mbili nzuri. Kwa macho zilikuwa zinang'aa vizuri tu, fremu nyeusi, ndani duara la kauri. Nikazifunga, nikafurahi, nikaenda baharini.

Mwezi wa pili tangu nianze kuitumia, bamvua, maji yanajaa, nikampiga kolekole mzito kweli kweli, alikimbia mara moja tu uzi ukakatika juu huko hata sio karibu na ndoana. Nikabadilisha uzi. Wiki iliyofuata tena. Nikampelekea baba mdogo ambaye amevua kwa mshipi tangu kijana, akaupitisha ule uzi katikati ya kucha mbili taratibu kama anahesabu shanga, akasimama sehemu moja, akaniambia "mwanangu huu haujakatwa na jiwe, huu umesuguliwa, katafute kilichousugua."

Nikachukua pamba ya masikio nikazungusha ndani ya kila ringi. Ya tatu kutoka juu ikakamata nyuzi za pamba. Ukiangalia kwa tochi unaona mstari mwembamba kama unywele kwenye kauri, na braidi, yaani uzi wa kuvulia uliosukwa, ikipita hapo na nguvu ya samaki ni kama inapita kwenye wembe. Na chini ya fremu, pale mguu unapoingia kwenye uzi wa kufungia, kutu ya rangi ya chai imeshaanza kutokeza. Miezi miwili tu ya maji ya chumvi jamani! Iliniuma sana, sio kwa hela, kwa wale samaki walioondoka na ndoana mdomoni.

Nikang'oa zote. Nilipasha moto gundi iliyofunika uzi wa kufungia kwa drayeri ya saluni ikalainika, nikachana uzi huo kwa wembe juu ya mguu wa ringi, usichane kwenye blanki hata kidogo utaikata. Nikaagiza za kampuni ya Fuji, duara la Alconite, aina yao ya kauri, na fremu ya chuma kisichoshika kutu. Zipo za kauri nyingine inayoitwa SiC na fremu za titani ambazo chumvi haiziwezi kabisa ila bei yake ilinishinda, na kwa rodi ya kwanza Alconite inatosha kabisa. Nilianza na kubwa ya saizi 40 karibu na rili, ile ya kukunjia uzi, nikashuka mpaka 10, jumla nane na ile ya nchani. Ya nchani pima kipenyo cha ncha ya blanki kabla ya kuagiza, mi ya kwanza ilipwaya, na ibandike kwa gundi ya kuyeyusha kwa moto, sio epoksi, ile gundi ya kuchanganya chupa mbili, ili ikiharibika uipashe itoke.

Nafasi za ringi usizifunge kwa kusoma jedwali tu. Zibandike kwa maskintepu, funga rili unayotumia kweli, nenda uwanja wa mpira jioni ukarushe. Mi nilisogeza ya pili mara tatu mpaka ule mlio wa uzi kupiga blanki ukaisha, na umbali nikauona umeongezeka kwa hatua zangu mwenyewe.

Kiti cha rili nilichukua namba 20, mshiko EVA, ile sponji ngumu kama ya ndala, mkono ukiwa na maji ya chambo hautelezi. Hapo sina mengi, viko sawa.

Ila uzi wa kufungia ringi na epoksi ya kupaka juu yake ndo viliniweka macho. Uzi wa nailoni ukiupaka epoksi unabadilika, bluu yangu nzuri ilienda karibu nyeusi, kumbe kuna dawa ya kupaka kwanza ili rangi ibaki au ununue uzi ambao umeshatiwa dawa. Na epoksi ni nusu kwa nusu kamili, mara ya kwanza nilikadiria kwa jicho, tena mvua za masika zinanyesha, siku tatu bado inanata kidole. Niliokoa kwa kupaka koti la pili lililopimwa vizuri juu yake, likakauka. Kuwa makini na sirinji za kupimia pia, zile zenye raba iliyopakwa silikoni zinaacha vitundu vitundu kama macho ya samaki juu ya gundi.

Sasa naenda msimu mzima na ringi hizi, natoka baharini nazimwagia maji baridi yasiyo na chumvi, napitisha pamba kila moja, hakuna iliyokamata. Kolekole wawili wakubwa wameshapanda juu ya mwamba na rodi hii, mmoja mke wangu alimpika wa nazi.

Rodi inayofuata nataka futi 7 ya kwenye boti, faibaglasi. Blanki bado sijachagua. Ringi ziko kabatini tayari.