Friza ya mfuniko wa juu kwa peptidi za maabara: yafaa Mombasa?

Kwa maabara ndogo isiyomudu friza ya -80°C, friza ya mfuniko wa juu ya lita 100 hivi, ile ile wauza samaki wanayowekea bidhaa zao, inatosha kuhifadhi peptidi kavu za utafiti, yaani vipande vifupi vya protini vilivyokaushwa kuwa unga. Unga huo unataka -20°C au baridi zaidi, ukavu na giza. Peptidi iliyokwisha kuyeyushwa katika maji ni habari nyingine, na hapo friza hii inashindwa.

Sifa yake kubwa ndiyo wanunuzi wengi wanayoiona kasoro: inashika barafu, na sharti uiyeyushe mwenyewe. Friza za kusimama zisizoshika barafu zina hita ndani, nayo huwaka kila baada ya saa kadhaa kuyeyusha barafu kwenye mabomba. Nyama haidhuriki. Kichupa cha peptidi kilicho karibu na tundu la hewa, lakini, hupashwa na kupozwa kila siku, mwaka mzima. Muuzaji akiisifu kwamba haishiki barafu, hiyo si ya kazi hii. Tena hewa baridi ni nzito: ukifungua mfuniko wa juu hubaki chini, ilhali mlango wa mbele huimwaga sakafuni.

Kabla ya kulipa, soma kibandiko kilicho nyuma. Tafuta herufi T (si ST), maana yake friza imeundwa kufanya kazi hata chumba kikifika 43°C. Yenye N pekee mwisho wake ni 32°C, na wakati wa kaskazi chumba kisicho na kiyoyozi Mombasa hupita hapo bila shida. Mashine itanguruma mchana kutwa na -20°C usiione. Iache nafasi ya kama sentimita 10 kutoka ukutani. Ikiwa jengo liko karibu na bahari, kagua mabomba ya nyuma mara kwa mara, kwa sababu hewa ya chumvi huyala kwa kutu.

Stima ikipotea, mfuniko usifunguliwe. Friji-gadi ni ya lazima, ile inayosubiri dakika chache kabla ya kurudisha umeme kwenye kompresa. Kujaza nafasi tupu kwa chupa za maji husaidia, ila elewa msaada wenyewe: barafu ya maji hushikilia joto kwenye 0°C, haishikilii -20°C. Unga mkavu ukikaa 0°C kwa siku moja hauharibiki. Peptidi iliyo katika maji huyeyuka na kuganda tena, na kila mzunguko wa namna hiyo huidhoofisha. Ndiyo maana myeyusho ugawanywe vichupa vidogo vya kutumika mara moja, na uwekwe -80°C hata kama ni kwa kuomba nafasi kwa jirani. Peptidi zenye asidi amino za sisteini, methionini au triptofani huoza upesi zaidi kwa oksijeni, kwa hiyo hizo zisicheleweshwe.

Kitu ambacho friza yoyote haitakufanyia ni kupambana na unyevu, na hapa pwani ndiko kazi yote iliko. Hewa ya 28°C yenye unyevu wa asilimia 80 huanza kutoa umande ikigusa kitu chenye 24°C hivi. Kichupa kilichotolewa friza kikafunguliwa baada ya dakika tano hulowa ndani papo hapo, unga hunata ukutani, na hapo peptidi imeanza kuvunjwa na maji. Hata kichupa kilichopoa kwenye chumba chenye kiyoyozi cha 20°C hulowa ukikitoa nje. Vichupa vikae ndani ya mkebe usiopitisha hewa wenye jeli ya silika, zile punje zinazofyonza unyevu. Ukihitaji kimoja, toa mkebe mzima, uache umefungwa saa moja kwenye chumba utakachopimia, ndipo ufungue. Kizungushe kichupa kidogo kwenye sentrifuji ili unga ushuke, chukua unachohitaji, funga. Ikiwa kuna gesi ya naitrojeni, puliza kidogo kabla ya kufunga.

Jeli ya rangi ya chungwa ikigeuka kijani imeshiba maji. Ikaushe kwenye oveni ya maabara kwa 120°C saa mbili hivi. Mvua za mwaka zikianza, iangalie kila wiki.

Barafu ikifika unene wa nusu sentimita, hamisha mikebe kwenye kasha lenye vifurushi vya barafu ya -20°C, zima friza, fungua kizibo cha chini maji yatoke. Usikwangue kwa kisu: bomba la gesi liko nyuma tu ya bati, na likitoboka friza imekwisha. Kausha kwa kitambaa hadi pembeni, washa, na usirudishe mikebe mpaka kipimajoto kilicho ndani kisome -20°C.